Kalenda ya Maadili: Siku za Maadhimisho katika Shule za Meru na Embu

Katika shule za Kenya maadili hufundishwa kwa njia tatu: ndani ya masomo ya kawaida, kupitia nidhamu ya kila siku, na kwa siku maalumu zilizotengwa katika kalenda. Njia ya tatu ndiyo inayoonekana zaidi, na ndiyo inayozua mabishano mengi. Siku hizo ni za aina mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni sikukuu za kitaifa, yaani Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba, ambapo lango la shule hufungwa na mtoto hubaki nyumbani. Ya pili ni siku za uhamasishaji, nyingi zikiwa za Umoja wa Mataifa au za Umoja wa Afrika, ambapo shule huwa wazi na mwalimu hutarajiwa kuziadhimisha bila kupunguza vipindi vyake. Sikukuu ina muda lakini haina mwalimu. Siku ya uhamasishaji ina mwalimu lakini haina muda. Sehemu kubwa ya ubishi unaosikika katika kaunti za Meru na Embu huanzia hapo.

Mkanganyiko wenyewe hauna mfano mzuri kuliko tarehe 10 Oktoba. Ilianza kama Siku ya Moi. Katiba ya 2010 ikaiacha nje ya orodha ya siku za kitaifa, na kwa miaka kadhaa watoto wakaenda shule kama kawaida. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikaamua kuwa sheria ya sikukuu ilikuwa bado inaitambua, nayo ikarudi. Baadaye ikapewa jina la Siku ya Huduma, kisha Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Mtoto aliyeanza Gredi ya 1 mwaka 2019 aliifikia Gredi ya 6 tarehe hiyohiyo ikiwa imebeba majina manne. Mzazi wa Runyenjes au wa Nkubu anapouliza siku hiyo inamfunza mwanawe nini, swali lake lina msingi.

Jinsi kalenda ilivyojaa

Enzi za ukoloni malezi ya maadili shuleni yalikuwa mikononi mwa misheni: Waanglikana wa Kigari upande wa Embu, Wamethodisti na Wakatoliki wa Consolata upande wa Meru, Wapresbiteri huko Chogoria. Kalenda yao ilikuwa fupi, Krismasi na Pasaka, na maadili yalikuwa sehemu ya katekisimu. Baada ya uhuru serikali iliongeza siku zake, pamoja na kupandisha bendera, wimbo wa taifa na kiapo cha uaminifu kwenye gwaride la asubuhi.

Swali la kama maadili yawe somo kamili lilijibiwa mara mbili, na majibu yalipingana. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilitaka maadili yafundishwe waziwazi, na katika miaka ya 1980 somo la Elimu ya Jamii na Maadili likaingia shule za sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaondolewa ili kupunguza mzigo wa masomo, na mada zake zikagawanywa katika masomo mengine. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, umeendeleza mkondo huo. Unataja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Yote yanatakiwa kupenyezwa katika kila somo. Hakuna hata moja lenye kipindi chake.

Hapo ndipo siku maalumu zilipopata nguvu. Jambo lililopenyezwa kila mahali halionekani popote, na mkuu wa shule anayeulizwa na mkaguzi amefanya nini kuhusu uwajibikaji hupata nafuu kuonyesha picha za tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Mashirika nayo yanahitaji tarehe ya kuandikia bajeti. Fulana za maadhimisho mara nyingi huwa tayari kabla ya mtu kuamua kitakachosemwa. Orodha ya siku za kimataifa za Umoja wa Mataifa imevuka 200, wakati mwaka wa masomo nchini Kenya haufikishi siku 200 za darasani. Hakuna shule inayoweza kuziadhimisha zote. Kwa hiyo kila shule huchagua, iwe kwa kukusudia au kwa kufuata barua iliyofika wiki hiyo.

Hoja ya wanaozitetea

Watetezi huanza na ukweli mmoja mgumu kuupinga: mtoto hujifunza kwa kushiriki. Kuimba, kuigiza, kuandamana kwa mstari na kusimama mbele ya watu humwachia kumbukumbu ambayo ubao hauwezi. Wanaongeza kuwa jambo hili si geni katika eneo hili. Kwa Wameru, Waembu na Wambeere, malezi yalifuata vipindi na sherehe tangu zamani. Rika liliingizwa kwa pamoja, mafunzo yalitolewa faraghani kwa muda maalumu, na jamii nzima ilijua kuwa majira yamefika. Kwa maoni yao, shule inayotenga siku ya jambo fulani inatumia chombo ambacho wazee wangekitambua mara moja.

Mfano wenye uzito zaidi unatoka Tharaka, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Meru. Mwaka 1996 shirika la Maendeleo ya Wanawake, likisaidiwa na shirika la afya la PATH, liliendesha huko Gatunga tohara mbadala ya kwanza, iliyojulikana kama Ntanira na Mugambo. Wasichana walikaa faraghani kwa wiki moja, wakafundishwa kuhusu mwili, heshima na maisha ya utu uzima, kisha wakatoka hadharani kwa sherehe bila kukatwa. Sherehe ilibaki, ukeketaji ukaondolewa. Watetezi wa siku maalumu huutumia mfano huu kama ushahidi kuwa sherehe inaweza kubeba maadili mapya. Ni sahihi, ingawa wanaruka jambo moja: mazungumzo na akina mama na familia yalitangulia sherehe hiyo kwa muda mrefu. Siku yenyewe ilikuwa kilele cha kazi iliyokwisha kufanyika.

Hoja ya pili ni ya kitaifa. Tangu 2016 serikali imekuwa ikipeleka maadhimisho makubwa nje ya Nairobi. Madaraka ya 2018 ilifanyika uwanja wa Kinoru mjini Meru, na ile ya 2023, ya kutimiza miaka 60, ikafanyika uwanja wa Moi mjini Embu. Mtoto wa Embu aliyezoea kuiona dola kwenye televisheni aliiona ikipita barabarani kwao, na kufundishwa uzalendo kwa namna hiyo si jambo la kudharau. Lakini alichokiona hasa ni gwaride la majeshi, ndege na viongozi jukwaani. Maana ya madaraka ya 1963, kwamba Wakenya walianza kujitawala katika mambo ya ndani na kwa hiyo kuwajibika kwayo, ilihitaji mwalimu wa kuieleza, naye siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

Hoja ya tatu haitajwi mara nyingi, ila ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Siku maalumu humpa mwalimu kibali cha kusema yasiyosemeka. Mwalimu wa kiume wa Mbeere hatazungumzia hedhi mbele ya darasa mchanganyiko siku yoyote ile. Tarehe 28 Mei, siku ya kimataifa ya usafi wa hedhi, anaweza, kwa kuwa si yeye aliyeianzisha. Kalenda humkinga dhidi ya mzazi atakayelalamika. Tarehe 6 Februari, siku ya kupinga ukeketaji, humpa kinga hiyohiyo kuhusu jambo linalogusa familia anazosali nazo.

Hoja ya wanaozitilia shaka

Upande wa pili una ushahidi wa zamani. Kati ya 1928 na 1930, Wamarekani Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya utafiti wao mkubwa kuhusu uaminifu wa watoto. Waligundua kwamba mtoto mmoja huwa mwaminifu katika hali moja na mdanganyifu katika nyingine, na kwamba kufundishwa kanuni kwa maneno hakukubashiri sana atakavyotenda. Tokeo hilo limejadiliwa na kurekebishwa kwa miongo mingi, lakini bado linamsumbua yeyote anayetegemea hotuba ya dakika ishirini kwenye gwaride.

Mwanazuoni mwingine wa Marekani, James Banks, aliyeandika kuhusu elimu ya tamaduni nyingi, aliweka utaratibu wa mashujaa na sikukuu katika ngazi ya chini kabisa ya mageuzi ya mtaala. Kwa maelezo yake, siku maalumu huongezwa kandokando huku kiini cha masomo kikibaki kilivyokuwa. Jambo linalotajwa kwa siku moja hueleweka kuwa la siku moja. Ukosoaji huo unaziangukia vilevile shule ambazo huadhimisha utamaduni kwa kuwavika watoto ngozi na shanga, kisha wiki inayofuata zinamwadhibu mtoto aliyesema Kimeru darasani.

Kisha kuna gharama. Mavazi, nauli ya kwenda makao makuu ya kaunti ndogo, chakula cha wageni, miche, karatasi za mabango: kila kimoja ni kidogo, lakini familia yenye watoto watatu shuleni huvijumlisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazuia michango isiyoidhinishwa, ila ombi la "kila mtoto aje na kitu fulani" halihesabiwi na watu wengi kuwa mchango. Anayeumia zaidi ni mtoto ambaye siku ya upendo na umoja hukaa nyuma ya darasa kwa kukosa vazi.

Wakati nao una ukatili wake. Oktoba ina siku ya walimu tarehe 5, Mazingira tarehe 10, mtoto wa kike tarehe 11, kunawa mikono tarehe 15 na Mashujaa tarehe 20. Ni mwezi huohuo ambao muhula wa tatu, ulio mfupi kuliko yote, hukimbizana na mitihani ya kitaifa. Siku ya uadilifu inayofaa zaidi, yaani siku ya kimataifa ya kupambana na ufisadi, ni tarehe 9 Desemba. Siku ya ukimwi ni tarehe 1 Desemba, ya watu wenye ulemavu tarehe 3, ya haki za binadamu tarehe 10, na Jamhuri tarehe 12. Zote hukuta shule zimefungwa. Kalenda ya dunia haikutungwa kwa kuangalia mihula ya Kenya, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Wa kulaumiwa ni anayeifuata kana kwamba ilitungwa hivyo.

Miche na mvua

Mazingira ndiyo mada inayoadhimishwa kwa moyo zaidi katika kaunti hizi mbili, na si ajabu, kwani Mlima Kenya huonekana kutoka madirishani mwa madarasa mengi. Pia ndiyo mada inayofichua vizuri zaidi kasoro ya tarehe. Miteremko ya mashariki ya mlima hupata mvua mara mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Sehemu za chini, Mbeere na Tharaka, hutegemea zaidi ile ya vuli. Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, huja wakati masika yamekwisha na baridi kavu inaanza. Mche uliopandwa siku hiyo una miezi minne ya kusubiri mvua, na mwezi Agosti, wakati unahitaji maji zaidi, shule huwa likizoni na hakuna wa kuumwagilia. Mti hufa, na mtoto akirudi hukuta kijiti. Alichofundishwa kwa vitendo ni kwamba kupanda ni sherehe na kutunza si lazima.

Vuguvugu la Green Belt la Wangari Maathai lilianza tarehe hiyohiyo, 5 Juni 1977, kwa kupanda miti saba katika bustani ya Kamukunji jijini Nairobi. Ni michache tu iliyosalia. Mafanikio yaliyokuja baadaye yalitokana na vitalu vya wanawake vijijini, ambako mpandaji alilipwa kwa mche ulioshika mizizi. Vuguvugu lilitoka kwenye tarehe likaenda kwenye utunzaji, na bila hatua hiyo pengine lisingekumbukwa.

Serikali inaonekana kuelewa suala la mvua. Sikukuu maalumu ya kupanda miti ya tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa katikati ya vuli, na siku ya tarehe 10 Mei 2024, iliyounganisha maombolezo ya waathiriwa wa mafuriko na upandaji miti, ilikuwa katika masika. Siku ya Mazingira ya 10 Oktoba nayo iko mlangoni mwa vuli. Lakini tazama shule. Novemba 2023 wanafunzi wengi walikuwa wamefunga muhula. Mei 2024 ufunguzi ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya mafuriko. Na tarehe 10 Oktoba, kwa kuwa ni sikukuu, lango limefungwa kwa amri ya sheria. Siku tatu za serikali za kupanda miti, zote zikiwa na lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, hazikumkuta mwanafunzi shuleni hata mara moja.

Shule zinazofanikiwa huigawa kazi. Mbegu huwekwa kitaluni mwezi Juni, na hapo tarehe 5 inapata kazi yake halali. Miche huhamishiwa shambani mvua zikishika Oktoba. Kila darasa hupewa mstari wake, na idadi ya iliyopona huhesabiwa Machi. Huko Mbeere hupandwa mukau, unaostahimili ukame na wenye mbao za bei nzuri. Juu kwenye kahawa hupandwa mukima. Uwajibikaji unaofundishwa hapo una kipimo kinachoonekana: mti upo au haupo.

Miraa, muguka na tarehe 26 Juni

Ugumu wa kweli uko penye maadili yanayogongana na mfuko. Tarehe 26 Juni ni siku ya kimataifa ya kupambana na dawa za kulevya. Shule ya Igembe, kaskazini mwa Meru, ikiiadhimisha, huzungumza na watoto ambao karo zao hulipwa kwa miraa. Shule ya Kiritiri au Siakago, huko Mbeere, huzungumza na watoto wa muguka, ambayo ni aina ya miraa. Sheria ya mazao inaitambua miraa kama zao la biashara, na kanuni za 2023 zimeweka utaratibu wa kilimo na uuzaji wake. Wakati huohuo, Uingereza iliiharamisha Juni 2014, na Mei 2024 kaunti ya Mombasa, ikifuatwa na nyingine za Pwani, ilitangaza kupiga marufuku muguka kwa hoja ya kuwalinda vijana. Viongozi wa Embu walipinga, serikali kuu ikasema zao hilo ni halali, na mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Kwa mtoto wa Mbeere aliyefuata habari hizo, kilichokuwa sumu Mombasa kilikuwa riziki nyumbani, na dola ilisimama upande wa riziki.

Walimu wengi hutoka katika mtego huo kwa kuhutubu juu ya bangi, heroini na pombe haramu, na kuliruka zao lenyewe. Ukimya huo unaeleweka. Mwalimu huishi kijijini, na mwenyekiti wa bodi ya shule huenda ndiye mwenye shamba kubwa. Hata hivyo mtoto anaujua ukimya, na huutafsiri: maadili ni ya mambo ya watu wengine.

Misimamo inayoshindana hapa ni mitatu. Wa kwanza unataka shule iseme wazi kuwa kutafuna ni madhara, bila kujali uchumi. Nguvu yake ni uthabiti. Udhaifu wake ni kuwa unamlazimisha mtoto kuchagua kati ya mwalimu na baba yake, na baba hushinda. Wa pili unasema zao ni halali, kwa hiyo shule inyamaze. Unalinda amani ya kijiji, lakini unawaacha wavulana wanaokatiza masomo kwenda kuchuma, lalamiko la miaka mingi katika eneo la Igembe. Wa tatu hutenganisha biashara ya mtu mzima na mwili na muda wa mtoto: mzee anaweza kuuza, lakini mtoto hatafuni, na saa za shule hachumi. Msimamo huu unakosa ukali wa wa kwanza, na kwa sababu hiyo wazazi wenye mashamba wanaweza kuutia sahihi. Unajengwa juu ya mwiko ambao wazee wa Meru wenyewe wanaujua, kwani zamani miraa ilikuwa ya wazee na ya shughuli maalumu kama posa, na kijana hakuwa na ruhusa ya kutafuna apendavyo. Kwa shule ya Maua au Laare, huo ndio mlango pekee ulio wazi.

Mashujaa wa nani

Siku ya Mashujaa ilichukua nafasi ya Siku ya Kenyatta chini ya Katiba ya 2010. Tarehe yake inakumbusha usiku wa 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na viongozi kukamatwa. Kubadili jina kulipanua sifa kutoka mtu mmoja hadi wengi, na kwa Meru na Embu jambo hilo lilikuwa na maana ya pekee. Musa Mwariama, kamanda wa Mau Mau wa Meru, alitoka msituni akiwa hai mwaka 1963. Embu ina Jenerali Kubukubu. Mtoto anaweza kufundishwa uzalendo kwa majina ya watu waliopita katika mabonde anayoyajua.

Papo hapo ugumu unaanza. Jenerali Baimungi, mwenzake Mwariama, hakuridhika na mgao wa ardhi baada ya uhuru, akabaki msituni, na akauawa na vikosi vya serikali huru mwaka 1965. Mau Mau lenyewe lilibaki kundi haramu kisheria hadi 2003. Tena katika darasa moja hukaa vitukuu vya wapiganaji na vitukuu vya walinzi waliokuwa upande wa mkoloni. Siku ya mashujaa inayotaja majina tu huupita ugumu huo kwa wimbo. Inayouingia humfunza mtoto haki ya kijamii, mojawapo ya yale maadili manane, kwa swali la kweli: mtu aliyepigania uhuru kisha akaupinga mgao wake ni shujaa au mwasi? Mwalimu wa Gredi ya 8 anaweza kuliendesha swali hilo wiki nzima. Hawezi kuliendesha tarehe 20, kwa kuwa ni sikukuu.

Desemba ya nyumbani

Wakati shule zimefungwa, malezi hayafungwi. Desemba ndiyo msimu wa tohara ya wavulana, na katika majuma ya faragha kijana hufundishwa heshima, ujasiri na wajibu kwa makali ambayo hakuna siku ya uhamasishaji inayoyafikia. Kwa miongo mingi msimu huo ulifungamana na mtihani wa darasa la nane. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na familia sasa zinabishana kama kijana apelekwe baada ya Gredi ya 6 au ya 9. Makanisa mengi yameanzisha kambi zenye daktari na mahubiri, kwa sehemu ili kuwakwepa walezi wanaowafunza vijana ulevi na kuwadharau mama zao. Kijana hurudi Januari akiwa na maadili mapya, mengine yakipingana na ya shule, hasa kuhusu wasichana na walimu wa kike. Shule chache huzungumza na waandaaji wa kambi hizo kabla ya Desemba. Nyingi husubiri matatizo ya Januari.

Kwa wasichana historia ni nzito zaidi. Mwaka 1956 wazee wa baraza la Njuri Ncheke, wakishirikiana na utawala wa kikoloni, walipiga marufuku ukeketaji huko Meru. Wasichana wengi waliipinga kwa kukatana wenyewe, wakijiita Ngaitana, na katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa. Amri iliyotoka juu bila elimu ilizaa ukaidi. Baadaye mambo yalibadilika: sheria ya 2011, elimu ya wasichana, makanisa, na tohara mbadala. Kitaifa, idadi ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa ilishuka kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022. Haiwezekani kusema tarehe 6 Februari imechangia kiasi gani katika hilo.

Kuna pia tarehe ambazo kalenda haizitaji. Usiku wa 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Tigania, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kuwa polisi walikiuka haki za watoto kwa kushindwa kuchunguza ipasavyo kesi za unajisi, uamuzi uliovuma duniani. Katika hukumu hiyo mtoto wa Meru anaweza kuona wasichana kama yeye wakiishtaki dola na kushinda. Kwa somo la heshima na haki, tarehe hizo mbili zina uzito kuliko nyingi zinazotoka New York. Kutoadhimisha ile ya kwanza kunaweza kutetewa kwa kuhurumia familia zilizofiwa. Kutoitaja ya pili hakuna utetezi unaoeleweka.

Dini na mfadhili wa shule

Shule nyingi za umma za eneo hili zina kanisa linalozifadhili. Sheria ya 2013 inamruhusu mfadhili kusimamia maendeleo ya kiroho mradi imani ya mwingine ilindwe. Kwa kawaida hakuna mgogoro. Unapotokea, huwa juu ya siku: Mwadventista anayepangiwa mashindano ya Jumamosi, Mwislamu wa Majengo anayetarajiwa kuimba kwenye ibada ya mfadhili. Shule zikipanga ratiba mapema na kuwaruhusu wachache wasishiriki bila kuwatangaza, mengi huisha.

Mizani

Pande zote mbili zikiwekwa pamoja, inaonekana kuwa siku maalumu hufanya vizuri kazi mbili tu. Hufungua kinywa juu ya jambo la aibu, na hufunga kazi iliyofanywa kwa miezi. Hazianzishi tabia. Tharaka ya 1996, kitalu cha Juni na kibali cha tarehe 28 Mei vinaingia humo. Hotuba ya 26 Juni inayoiruka miraa haiingii. Na hata kinywa kilichofunguliwa hudai kitu cha kufuatia: sheria ya 2017 iliipa serikali wajibu wa kuwapa wasichana taulo za hedhi, na shule inayozungumzia usafi bila taulo wala maji humwongezea msichana aibu. Vivyo hivyo tarehe 15 Oktoba bila vibuyu chirizi vilivyojaa maji ni wimbo mtupu.

Kwa bodi ya shule, uchaguzi wenye busara ni siku chache, pengine nne au tano kwa mwaka, zilizochaguliwa kwa kutazama mvua, mavuno na mihula ya mahali, kila moja ikiwa na darasa linalowajibika, kazi inayotangulia na kitu kinachohesabiwa baadaye. Sikukuu zinazofunga lango zifundishwe wiki inayotangulia, na mtoto aende nazo nyumbani kama swali la kumuuliza babu. Tarehe za Desemba zihamishiwe Septemba. Uadilifu hausubiri Umoja wa Mataifa, na Septemba ndipo mtoto huanza kujiandaa kwa mtihani, mahali ambapo udanganyifu una bei halisi. Ruhusa ya kuhamisha tarehe haihitaji waraka wa wizara. Kinachohitajika ni mwalimu mkuu atakayekubali mkaguzi akija tarehe 5 Juni asikute bango, bali vifuko vya udongo na watoto wenye mikono michafu.